Kompyuta ya Arobaini na Mbili

Niliyoyaona niliyaona mchana, jua likiwa utosini, nikiwa na akili timamu, na saa yangu ya mkono ikionyesha saa saba na dakika kumi na mbili. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu kuna ofisa mmoja aliyeandika katika faili yangu kwamba nilikuwa "nimechoka kwa kazi nyingi". Sikuwa nimechoka. Katika miaka yote niliyoutumikia umma sikuwahi kuandika taarifa isiyo ya kweli, hata ya mstari mmoja, wala sitaanza leo nikiwa mstaafu ambaye hana cha kupata kwa kudanganya. Wewe unayesoma, nisikilize hadi mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa msimamizi wa kumbukumbu na mitambo katika idara moja mjini Kajiado. Idara yetu ilitunza daftari za mashamba: nani ana shamba lipi, anapakana na nani, mpaka unapita wapi. Makao makuu yalikuwa Kajiado, na tawi kubwa lilikuwa Kitengela, ambako mashamba yalikuwa yakikatwa vipande na kuuzwa upesi kuliko karani yeyote angeweza kuandika. Kompyuta zilipoletwa tuligawiwa arobaini na moja: ishirini na tano Kajiado, kumi na sita Kitengela. Ziliunganishwa kwa nyaya ndani ya majengo, na majengo hayo mawili yakaunganishwa kwa mlingoti wa redio uliosimikwa juu ya paa. Kila moja ilikuwa na nambari ya mali ya serikali. Nambari hizo nilizibandika kwa mikono yangu.

Sasa, kompyuta arobaini na moja haziwezi kutunzwa na mtu mmoja anayezunguka meza hadi meza. Ndiyo sababu kuna kitu kinachoitwa skripti. Ni orodha ya amri ambayo unaiandika mara moja katika kompyuta kuu, nayo kompyuta kuu inazipelekea nyingine zote. Skripti yetu ilianza kazi kila siku saa kumi na moja jioni, na iliiamuru kila kompyuta mambo matatu: irekebishe saa yake, ilete nakala ya kumbukumbu zilizoandikwa leo, kisha izime.

Skripti hiyo ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ilisoma majina ya kompyuta kutoka juu hadi chini, ikatembelea moja baada ya nyingine, na ikikuta moja haiitiki, ilisimama pale mlangoni ikingoja. Kazi ya dakika chache ilichukua zaidi ya saa nzima. Wafanyakazi wa Kitengela, ambao hawakuruhusiwa kufunga ofisi kabla kompyuta hazijazimwa, walilalamika hadi mkuu wetu akaniita. "Boresha hicho kitu," aliniambia, na hayo ndiyo maagizo yote niliyopewa.

Niliboresha. Kwa majuma mawili niliandika, nikafuta, nikaandika upya. Badala ya kufuata majina, skripti mpya ilibisha hodi katika kila anwani ya mtandao kwa wakati mmoja, na yeyote aliyeitika alipewa amri ya kurekebisha saa na kuleta nakala. Kazi ikaisha kwa dakika sita. Amri ya tatu, ile ya kuzima, niliiacha kama ilivyokuwa, ikisoma orodha ya zamani, kwa kuwa haikuwa na kasoro. Niliita kwa njia mpya na kuruhusu kwa njia ya kale. Kosa hilo ni langu na naliandika kama lilivyo.

Jioni ya kwanza, taarifa ya kazi ilisema hivi: Zilizoitika, 42. Zilizozimwa, 41.

Ungefanya nini? Mimi nilidhani nimekosea hesabu mahali fulani. Nilipitia skripti mstari kwa mstari. Jioni ya pili, arobaini na mbili tena. Nilizihesabu za Kajiado nikigusa kila moja kwa kidole, kisha nikampigia simu Resiato, karani wa kumbukumbu wa tawi la Kitengela. Resiato ni mama wa makamo, Mmaasai wa huko huko tambarare, mchapa kazi asiyeficha ulimi wake.

"Resiato, hebu zihesabu kompyuta zilizo huko."

"Tena? Si jana umenihesabisha?"

"Hesabu."

Nilisikia viatu vyake vikienda na kurudi. "Ni kumi na sita. Zile zile. Hazijazaa."

"Hakuna iliyoletwa bila mimi kujua?"

"Mkubwa, hapa hata kiti hakiletwi bila wewe kujua. Lakini wacha nikuulize. Hiyo skripti yako mpya inaita nani?"

"Inaita kila anayeweza kuitika."

"Bila jina?"

"Bila jina. Ndiyo maana ina kasi."

"Sisi jioni ng'ombe wakirudi, hatuhesabu. Mtu anasimama hapo kwa lango ya boma anaangalia sura. Huyu namjua, apite. Huyu namjua, apite. Sasa wewe umefungua lango, halafu umeangalia kando."

"Hizi si ng'ombe, Resiato."

"Sijasema ni ng'ombe. Nimesema kuna moja imeingia na huijui."

Nilikasirika, nakiri. Lakini tangu siku hiyo sikuweza kutulia. Nilikuwa nikiamka kabla ya alfajiri na kuanza kutembea sebuleni. Chakula nilikila nikiwa nimesimama. Ilipokaribia saa kumi na moja jioni, nilikuwa nikienda dirishani na kurudi.

Katika majuma hayo hayo kulikuwa na jambo zito zaidi, nalo ndilo kiini cha kisa hiki. Kulikuwa na mjane mmoja tuliyemwita Koko Nalepo, yaani Bibi Nalepo kwa Kimaasai, ambaye shamba lake liko upande wa tambarare za Kitengela. Daftari la mkono lililokuwa na ukurasa wake lilinyeshewa paa la tawi lilipovuja, kabla kompyuta hazijaletwa. Kurasa nyingi ziligandamana zikawa kama kipande cha sabuni. Tulipoingiza kumbukumbu kwenye kompyuta, kurasa zile hazikusomeka, basi zikarukwa. Kisha akatokea mnunuzi mwenye barua inayodai kwamba shemeji wa Koko, ambaye naye alikwisha fariki, alimuuzia shamba lote. Baraza la ardhi lingekaa siku ya Alhamisi. Koko asipoleta kumbukumbu, mnunuzi angelizungushia shamba ua, naye angetoka na mbuzi wake na wajukuu wake. Kila siku alikuja akaketi kwenye benchi la veranda ya tawi, shuka lake likiwa limejaa vumbi jeupe la simenti, na kila siku Resiato alimwambia kwamba kumbukumbu haijaonekana.

Jumatatu niliiongezea skripti mstari mmoja, ili itaje jina la kila anayeitika. Arobaini na moja walitaja nambari za mali. Wa arobaini na mbili alitaja jina nisilolijua: KOINET. Anwani yake ilikuwa ya upande wa Kitengela.

Jumanne asubuhi nilikwenda Kitengela. Nilimsalimu Koko kwa Kimaasai pale kwenye benchi, "Takwenya, yieyo," naye akaitika, "Iko," akaniuliza kama nimebeba karatasi yake. Nilimwambia sijaibeba. Sikuweza kumtazama usoni.

Nilifuata nyaya ukutani moja baada ya nyingine. Kumi na sita ziliishia kwenye kompyuta. Ya kumi na saba, iliyowekwa na mafundi kama akiba, ilipita chini ya mlango wa stoo ya mafaili ya zamani. Resiato alikuwa ameenda kununua chapati na maharagwe, na ofisi ilikuwa imefungwa kwa mapumziko ya mchana. Nilikuwa na funguo. Upepo ulikuwa ukipiga mabati. Nikaufungua mlango wa stoo.

Mtu mmoja alikuwa ameketi nyuma ya meza ndogo, akiandika katika daftari kubwa la jalada jekundu. Alikuwa mwanamume mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi kooni, sweta la sufu kifuani katika joto lile. Hakukuwa na kompyuta. Mwisho wa ule waya wa akiba ulikuwa umelazwa juu ya daftari lake, katikati ya kurasa mbili, haukuchomekwa popote. Kalamu yake haikusimama hata nukta moja. Niliitazama sakafu: vumbi lilikuwa limetanda zito kuanzia mlangoni hadi kwenye meza, na hapakuwa na alama ya mguu hata mmoja.

"Sopa," alinisalimu kwa Kimaasai, bila kuinua kichwa.

Niamini, mdomo wangu uliitika wenyewe: "Ipa."

"Karibu, bwana mkubwa. Umechelewa kuja."

Nilifanya nilichozoea kufanya. Nilimwomba kitambulisho cha kazi. Akanitajia nambari ya ajira, tarakimu baada ya tarakimu, taratibu, kama mtu anayejua kwamba nitaiandika. Niliiandika.

"Unafanya nini humu?" nilimuuliza.

"Ninachoamriwa. Jioni ofisi inabisha hodi. Mtumishi wa serikali akibishiwa hodi na ofisi yake hufanya nini? Nimeitika. Unaniambia nirekebishe saa, narekebisha." Alininyooshea mkono wake wa kushoto, saa iliyokuwa pale ilikwenda sawa na yangu hadi sekunde. "Unaniambia nilete nakala za leo. Natafuta za leo. Sina za leo, naleta karatasi tupu. Halafu wenzangu wote wanaruhusiwa kwenda. Mimi siruhusiwi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoboresha. Kabla ya hapo nilikuwa nimelala."

Hakulisema hilo kwa hasira. Alilisema kama karani anayemsomea mkubwa wake kumbukumbu za mkutano. Lakini sasa niliona macho yake, mekundu, makavu, macho ya mtu ambaye majuma mawili hajayafumba.

Kisha niliutazama ukurasa uliokuwa wazi. Ilikuwa kumbukumbu ya shamba, kwa mwandiko safi kabisa. Jalada lile jekundu lilikuwa la daftari lile lililonyeshewa, ila hili lilikuwa kavu na kamili.

"Ukurasa wa Nalepo umo humu?" nilimuuliza.

"Umo. Niliuandika mimi, nikiwa nimeketi kwake."

"Nipe."

"Kwa amri ipi? Skripti yako inataka za leo. Hiyo si ya leo. Andika kwamba unataka zote, nami nitazileta zote. Na ukimaliza, uandike jina langu kwenye orodha ya wanaoruhusiwa."

Wewe ungekubali papo hapo, sivyo? Mimi nilimjibu kwamba orodha ile ni ya mali ya serikali, na siwezi kuandika ndani yake kitu kisicho na nambari ya mali. Hilo ndilo jibu nililompa marehemu aliyeniomba ruhusa ya kulala. Naye alitikisa kichwa polepole, kwa adabu, kana kwamba naye, angekuwa mahali pangu, angejibu vivyo hivyo.

Nilinyoosha mkono nichukue daftari. Kiganja changu kilitua juu ya mbao, juu ya vumbi. Mwisho wa waya ulikuwa pale. Mtu hakuwepo, wala daftari.

Resiato alinikuta nimeketi sakafuni. Aliweka chapati chini, akasikiliza maelezo yangu yote, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Alikuwa amefunga shati mpaka juu?"

"Mpaka kooni."

"Huyo ni Koinet, karani wetu wa zamani. Hata harusi yake alikuja hivyo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Amefia hapo kwa hiyo meza, mkubwa. Tulidhani amesinzia. Tukamwacha apumzike mpaka jioni."

Alasiri nilirudi Kajiado nikafungua faili za watumishi. Nambari ya ajira ilikuwa yake. Alifariki kabla idara haijapata hata kompyuta moja.

Usiniulize kama nililala. Jumatano asubuhi nilimwandikia mkuu wetu barua rasmi, nikimwomba idhini ya kuongeza jina moja kwenye orodha, na nikaeleza sababu bila kuficha. Alinipigia simu ya ndani. "Zuia hiyo anwani kabla ya kesho," alisema. "Mambo ya wafu peleka kanisani." Nilimkumbusha juu ya Koko Nalepo. "Baraza litaamua na karatasi zilizopo," alijibu, akakata.

Kuizuia anwani ile kungekuwa kazi ya mstari mmoja. Hodi isingefika stoo tena, taarifa ingesema arobaini na moja kwa arobaini na moja, na mimi ningestaafu kwa heshima. Lakini mtu angebaki amekaa mezani bila ruhusa, na mwingine angeondolewa kwenye benchi na kwenye shamba. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu niliacha kutii. Saa tisa nilikuwa Kitengela.

Nikiwa kwenye kompyuta ya Resiato niliiongoza ile kuu ya Kajiado na kuibadilisha skripti. Kwa anwani ile moja niliandika "zote" badala ya "za leo". Katika orodha ya wa kuzimwa niliandika KOINET, na mahali pa nambari ya mali nikaandika nambari yake ya ajira. Kwa kuwa hakuna kompyuta iliyowahi kuchukua zaidi ya dakika sita, niliweka kikomo: baada ya dakika kumi, amri ya kuzima ipite kwa wote. Dakika kumi zilionekana nyingi.

Koko aliingia ndani, akaketi karibu na mlango wa stoo. Saa kumi na moja ikatimia. Arobaini na mbili wakaitika.

Kumbukumbu zikaanza kuonekana kwenye skrini. Hazikuja kwa mwendo wa waya. Zilikuja kwa mwendo wa mkono unaoandika: herufi, herufi, neno, mstari. Shamba moja lilichukua karibu nusu dakika. Resiato alisoma majina kwa sauti, na Koko, aliyewajua wengi wao, alikuwa akiguna kwa kila jina. Zilikuja kwa mpangilio wa daftari, na ukurasa wa Koko ulikuwa mbali, nyuma kabisa.

Dakika ya nne nilipiga hesabu. Tusingemfikia.

"Si uongeze muda!" Resiato alinikemea.

"Amri ikishaanza haibadiliki. Nikitaka kuibadilisha lazima niisimamishe, na nikiisimamisha sijui kama ataitika tena."

"Basi enda umwambie! Si unamjua?"

Nilikimbia stoo. Alikuwepo, ameinamia daftari, kalamu ikienda mbio, jasho likimtiririka shingoni na kuingia katika lile shati.

"Anza na wa Nalepo," nilimwambia.

"Huo si utaratibu, bwana mkubwa. Kuna walio mbele yake."

"Ni amri."

"Ya maandishi?"

Nilichana karatasi katika kijitabu changu. Niliandika: Anza na ukurasa wa Nalepo, nimeidhinisha mimi. Nikaweka cheo changu, saini na tarehe. Aliisoma mara mbili. Kwa mara ya kwanza kalamu yake ilisimama. Akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa shati, akafunua kurasa nyingi kwa pamoja.

Nilisikia Resiato akipiga kelele ofisini. "Imekuja! Koko, kuja! Kuja uone!"

Niliporudi alikuwa akimsomea. Kaskazini, mkondo wa maji. Magharibi, jirani fulani, na jina lake. Mashariki, mwamba mweusi ambapo mume wa Nalepo hukaa akichunga ndama.

Koko aliinua mkono. "Soma hiyo ya mwisho tena." Resiato akasoma. Koko akaanza kucheka kimya kimya, machozi yakimtoka. "Huyo kijana alikunywa maziwa yangu vibuyu viwili hiyo siku. Nikamwambia, mambo ya bwana yangu kukaa kwa mawe, hiyo si ya serikali. Akasema wacha iandikwe."

Baada ya ukurasa wake, kumbukumbu ziliendelea kutoka pale zilipokuwa zimekatizwa. Majina sita zaidi, saba. Ya nane ilikuwa katikati ya mstari skrini iliposimama. Kompyuta zote za chumbani zikaanza kuzima, moja baada ya nyingine, na taarifa ya mwisho ikasema: Zilizoitika, 42. Zilizozimwa, 42. Nilikwenda stoo. Palikuwa na meza, vumbi, waya. Karatasi yangu haikuwepo mezani, wala chini, wala katika faili lolote, na nimelifungua kila faili.

Alhamisi barazani nilieleza kumbukumbu imetoka wapi, bila kupunguza neno. Wakili wa mnunuzi alicheka hadi akavua miwani. Lakini majirani waliotajwa katika ukurasa ule walikuwa hai, wakasimama mmoja mmoja, wakasema mpaka ni huo, wao wenyewe waliutembea na Koinet. Baraza likampa Koko shamba lake. Anaishi humo hadi leo.

Mimi niliundiwa kamati. Niliulizwa nani aliingiza kompyuta ya arobaini na mbili, kwa idhini ya nani. Nilijibu ukweli, wakaandika "uchovu", wakanistaafisha kwa maslahi ya umma. Nimeandika barua tatu kutaka neno hilo liondolewe katika faili yangu. Hakuna iliyojibiwa. Skripti yangu wameendelea kuitumia.

Lakini si uchovu unaoninyima utulivu, wala si kamati. Ni ile kumbukumbu ya nane.

Mwenye shamba hilo anaitwa Tipape. Alifika kwangu Kajiado mwaka uliofuata, ameshika karatasi aliyochapiwa na Resiato. Ilikuwa na jina lake kamili, nambari ya shamba, kisha maneno haya: "Mpaka wa kaskazini unaanzia". Basi. Pale ndipo dakika kumi zilipokwisha.

"Nimeambiwa wewe ndiyo ulikuwa kwa hiyo kazi," alisema. "Hii yangu ilikatika aje?"

Nilimweleza kila kitu: hodi, orodha, kikomo, na ule ukurasa nilioutanguliza kwa saini yangu. Nusu dakika yake nilimpa mwingine. Wapo na wengine waliokuwa nyuma yake katika daftari, ambao sikuwahi hata kuyaona majina yao, lakini yeye alikuwa amekwisha kuanza kuandikwa. Nilitarajia anitukane. Hakunitukana.

"Na huyo mzee wa stoo," aliuliza, "hawezi kuitwa tena?"

Nilijaribu. Asubuhi ile ile ya baraza, kabla sijastaafishwa, nilibisha hodi katika anwani ile peke yake, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Amelala. Nilimruhusu mimi mwenyewe.

Shamba la Tipape lilizungushiwa ua na mtu mwingine. Siku hizi amepanga chumba Kiserian na huuza mbuzi wa watu sokoni. Kila mwezi hupitia kwangu, huketi, hunywa chai, huniuliza hali ya familia, na mwishoni, akishika fimbo yake aondoke, huuliza, "Bado hajaitika?"

Namwambia bado.

Kwa hiyo nakuonya wewe ambaye leo umekabidhiwa mitambo, ya ofisi au ya shule au ya hospitali, ukaambiwa uiboreshe iwe na kasi. Andika majina ya unaowaita. Hakikisha kila unayemwita umeandika pia namna ya kumruhusu aende. Na kabla hujaweka dakika za mwisho, ingia stoo ukaulize wako wangapi kwenye daftari. Mimi sikuuliza. Leo ni siku ya Tipape kuja, maji ya chai yapo jikoni, na tangu asubuhi sijaweza kuketi.